Udi Ndani ya Kompyuta

Sikulazimishi uamini. Nimesomea kompyuta, nina steshenari pale Kilindoni, na habari za majini na mashetani nilikuwa nazicheka mpaka machozi yanatoka. Lakini haya yalitokea nyumbani kwetu Ndagoni, mchana kweupe, nami nikiwa na akili zangu zote.

Mdogo wangu Shabani alikuwa mkwezi wa minazi. Alianguka, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo miguu yake haisikii chochote. Yuko kitandani tu. Mjomba akamletea kompyuta kubwa ya kuchezea gemu, akawa anacheza mpira mtandaoni na watu wa Tanga na Maskati ambao hawajui kama hatembei. Humo ndani anakimbia, unaelewa? Mashine ikizimika, anageukia ukutani na hata chakula hataki. Kwa hiyo ilipoanza kuzimika kila mara, nyumba nzima ilikosa amani.

Tatizo lilikuwa joto. Niliweka namba ya joto la prosesa ionekane pembeni ya skrini, tukawa tunaitazama ikipanda, inapita tisini, halafu giza. Nikafungua ubavu. Vumbi lilikuwepo, lakini vumbi si kitu. Feni na vile vibati vinavyonyonya joto vilikuwa vimeganda utomvu wa kahawia, unanata, tena unanukia udi. Ndipo nikaelewa. Kila Alhamisi jioni mama huweka chetezo chini ya meza ile, anamfukizia mgonjwa udi na ubani, na feni ilikuwa inauvuta moshi wote. Sasa prosesa ikipata moto, udi ule unaungua tena wenyewe, siku yoyote, saa yoyote. Nyumba yetu ilikuwa inanukia kama kuna harusi.

Nikasafisha kwa brashi na spiriti, lakini katikati ya vibati brashi haikufika. Pesti nayo, ile dawa nyeupe mfano wa dawa ya meno inayopakwa juu ya prosesa ili joto lihamie kwenye vibati, ilikuwa imekauka ikawa chaki, na dukani kwangu sina. Nikampigia fundi mmoja wa Kilindoni. Akaniambia kesho, tena kesho, unawajua mafundi. Nikampigia mpaka nikachoka. Mwisho akasema atakuja Ijumaa.

Ijumaa hiyo wanaume wako msikitini, mama yuko kwenye mwani wake. Nikasikia hodi, nikajibu karibu kabla sijaona uso, kama tunavyofanya sote. Akaingia mzee mmoja wa kanzu, miguu peku, pindo la kanzu limelowa. Nikamwambia shikamoo. Badala ya kuitikia marahaba, akasema, "Mmeniita siku nyingi."

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilijua ni fundi, au ametumwa na fundi, na analalamikia simu zangu. Nikamwomba radhi, nikampeleka chumbani moja kwa moja, nikampa kiti cha plastiki.

Shabani alikuwa katikati ya mechi. Na Shabani akiwa kwenye mechi hageuzi kichwa hata akiingia mjomba mwenyewe.

"Una shida gani, mwanangu?" mzee akamuuliza.

"Mashine inachemka, mzee. Inazimika kila saa."

Mzee akaweka kiganja juu ya ile kompyuta. Hakufungua kitu, hakuuliza bisibisi. Mimi nilikuwa naitazama namba. Ikashuka, ikashuka, ikapita pale ambapo haiwezi kupita. Nisikilize vizuri hapa. Feni inapuliza hewa ya chumbani, haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kushinda chumba chenyewe. Sisi tunatoka jasho, na namba inasoma baridi ya friji. Nikajiambia kipimo kimeharibika.

"Ni hiyo tu?" mzee akauliza.

"Hiyo tu, mzee wangu. Ahsante sana," Shabani akajibu, macho kwenye skrini.

Mzee akanigeukia mimi. "Ni hiyo tu?"

Nikasema ndiyo, hiyo tu.

Akaitazama miguu ya Shabani chini ya shuka. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Kisha akasema, "Haya," akainuka, akatoka. Nikakimbilia kumchotea maji ya kunywa. Narudi na kikombe, hayupo, na njia yetu imenyooka hadi barabarani. Kiti alichokalia kilikuwa kimelowa chapachapa. Nikagusa, nikaonja kidole, chumvi tupu.

Fundi mwenyewe alikuja baada ya swala, pesti yake mfukoni. Akafungua ubavu, akakuta feni haizunguki na vibati vina umande. "Dada, hii mbona baridi hivi?" Nikamweleza yaliyotokea. Aliondoka bila hata kuifunga, na bisibisi yake ninayo mpaka leo.

Mama aliporudi nikamsimulia, nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Alikaa sakafuni na nguo zake mbichi za baharini, akalia mpaka nikaogopa. Kumbe mganga alimwambia afukize bila kuchoka, mgeni atakuja siku moja, atauliza shida, na akishajibiwa hatarudi tena. Mama alikuwa amejiandaa kumwambia habari ya miguu. Hakutuambia sisi kwa sababu alijua nitacheka, na kweli ningecheka. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kompyuta haijazimika tena. Siku za joto kali Shabani huniomba nimnyooshee miguu, nimwegemezee nyayo zake kwenye ule ubavu wa bati. Ni baridi kiasi kwamba kiganja changu hakivumilii, lazima nikitoe. Namwuliza, unasikia? Anasema bado, anaendelea na mechi yake.

Basi wewe unayenisikiliza, niamini au usiniamini, ila mtu akipiga hodi kwako akakuuliza una shida gani, acha unachokifanya, geuka umtazame usoni. Na akikuuliza kama ni hiyo tu, usifanye haraka kumjibu. Tazama kwanza nani amelala humo chumbani.