Kadi Zilizochomwa Nyuma ya Jikoni

Watu wameniambia nisahau. Ni karatasi tu, wanasema. Mimi nasema walizichoma wakijua wanachochoma, na sijasahau.

Mama yangu alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni Kitengela, miaka ya tisini. Jumamosi moja tulifungua mtumba mpya wa majaketi ya watoto, na kwenye mfuko wa ndani wa jaketi moja la bluu nikakuta kadi arobaini na moja, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Kila kadi ilikuwa na mwanamume aliyevaa kofia na suruali ya kubana, wengi wameshika gongo. Hatukujua ni mchezo gani; besiboli nilikuja kuisikia ukubwani. Mama alizipanga juu ya turubai akacheka.

"Hawa nao wako na rungu kama wamorani," akasema. "Lakini ona vile wamesimama."

Wateja wakasubiri. Tulizitazama moja moja. Nyingine ilikuwa na ukingo uliochorwa ufanane na ubao wa mti, hata nyuzi za mbao ukaziona. Kwenye nyingine, gongo lilikuwa limevuka mstari wa picha likatokeza nje, kana kwamba yule mtu hangetoshea ndani ya kadi. Mama aliipenda hiyo. Nyingine ilionyesha mtu akiteleza chini vumbi likimfunika mpaka kiunoni, na jina lake limeandikwa kwenye utepe pembeni, mbali na vumbi, lisomeke. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaamua jina liwekwe wapi.

Nilipoenda shule ya bweni upande wa Kajiado, nilizificha chini ya sanduku langu la chuma. Niliyemwonyesha ni mmoja tu, msichana Mmaasai kutoka Bisil aliyelala kitanda cha juu yangu. Mama yake alishona shanga, na yeye alizisoma zile kadi kwa macho ya shanga.

"Aliyetengeneza hii anajua rangi," aliniambia. "Ameweka nyeupe katikati ndio nyekundu na bluu zisigombane. Hii ingine hajui. Imepiga kelele tu."

Tangu siku hiyo tukawa tunazipanga kitandani kila Jumapili baada ya ibada, nzuri huku, mbaya kule, tukibishana. Sijawahi kuwa na shule bora kuliko hiyo.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia ibada za shetani, na mwalimu aliyesimamia bweni letu aliziona kila mahali. Alipokagua masanduku akapata kadi zangu. Aligeuza moja, akaona safu za tarakimu nyuma, akaniuliza ni hesabu za nani.

"Ni za mchezo, mwalimu."

"Mchezo gani?"

Sikujua jina lake. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ushahidi.

Rafiki yangu akasema, bila kuulizwa, "Mwalimu, ni picha za wachezaji. Mbona magazeti ya kandanda ya ofisini hayachomwi?"

Alichapwa viboko sita. Mimi nilisimama pale nikahesabu, sikusema neno. Hasira hiyo ni yangu mwenyewe na siwezi kumpa mtu mwingine.

Mama aliitwa. Alifunga kibanda siku ya soko, akaja amevaa nguo yake ya kanisani. Mwalimu alitandaza kadi mezani mbele yake.

"Mama, unazijua hizi?"

Nilimtazama. Ile ya gongo lililovuka mstari ilikuwa karibu na mkono wake. Aliiangalia kabisa, nikaona macho yake yametua pale.

"Sijawahi kuziona, mwalimu," akasema. "Mtusamehe."

Tulipelekwa nyuma ya jikoni, kwenye shimo la takataka lililokuwa likiwaka. Mwalimu alitaka nizitupe mwenyewe. Mikono yangu ilikataa. Mama akazichukua akazitupa, fungu kwa fungu, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. Zilikuwa ngumu, zikachelewa kushika moto. Zilijikunja kwanza. Mwalimu aliomba kwa sauti muda wote huo, na mama akaitikia amina.

Nilimaliza shule. Nilijifunza kuchora mabango, na kufikia miaka ya elfu mbili nilikuwa na kazi yangu Kitengela, nikiandika majina ya maduka. Mama bado aliuza nguo. Alasiri moja tulikuwa tukikunja mashuka kibandani, nikamuuliza. Sikupanga, yalitoka tu.

"Mbona ulisema huzijui?"

Hakujifanya hajaelewa.

"Ningesema nini? Yule mwalimu alikuwa na kalamu. Angeandika barua moja tu, ungerudi hapa ukae na mimi kwa hili vumbi."

"Ungesema zilitoka kwa jaketi. Ndio ukweli."

"Ukweli!" akasema. "Walikuwa wanataka ukweli, wale?"

"Mwenzangu alichapwa kwa sababu ya ukweli. Msichana wa watu. Wewe mama yangu ukasema amina."

Midomo yake ikatetemeka, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka aumie.

"Umekasirika," akasema.

"Nimekasirika miaka yote hii."

"Basi kasirika. Lakini shika huku, tumalize."

Nilishika pembe zangu nikavuta kwa nguvu zote, shuka likamponyoka, nami nikaliachia likaanguka mchangani. Aliinama akaliokota, akalikung'uta mara mbili, akanyoosha mkono kunirudishia zile pembe.