Kiapo Nilichokula kwa Ajili ya Mng'aro

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu ipo moja ninayoikumbuka kila ninapowaona nyinyi vijana mmeinama juu ya gari na mashine ya kung'arishia mikononi. Ilikuwa Ijumaa. Karakana yetu ilikuwa Malindi ya Unguja, karibu na bandari, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina nguvu, nina haraka, na nikidhani kazi nimeshaijua yote. Namshukuru Mola aliyenipa umri wa kutosha nikauona ujinga wangu.

Fundi wangu aliitwa Suleiman, mtu wa maneno machache na sala nyingi. Asubuhi ile alikuja Mwalimu Vuai, aliyekuwa akisomesha skuli Makunduchi. Gari lake jeupe lilikuwa zuri kila pahala, isipokuwa ile mikanda ya plastiki nyeusi inayong'aa kwenye nguzo za milango, baina ya kioo na kioo. Ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba kama nyuzi za buibui. Kivulini huioni; jua likipiga, unaiona yote.

Fundi akamwuliza huwa anaipangusa kwa kitu gani. Mwalimu akajibu kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huipangusa kwa kanga kuukuu ya mkewe, kavu. Fundi akatabasamu, akamwambia basi amekuwa akilipiga gari lake msasa kwa mkono wake mwenyewe, maana vumbi la kule ni mchanga mtupu. Mwalimu akacheka, akasema mkewe asisikie, atadai kanga yake.

Kisha akaeleza haja yake. Jumapili binti yake wa pekee alikuwa anaolewa.

"Watu wameniambia niazime gari kubwa," alisema. "Sitaki. Nataka mwanangu atoke nyumbani kwangu ndani ya kitu changu, na kiwe kisafi."

Fundi akanikabidhi kazi ile. Yeye alikuwa na ndugu yake mgonjwa Mji Mkongwe, akitaka kumtazama kabla ya sala. Aliniagiza nilioshe gari kwanza, nibandike tepu ya karatasi kwenye kingo za mpira, nichukue sponji ndogo kabisa na laini kabisa, nitie polishi nyepesi kiasi cha punje ya dengu. Mwendo wa mashine uwe wa chini. Nisiikandamize. Kila baada ya muda niguse plastiki kwa mgongo wa kiganja, na nikihisi moto niiache ipoe, kwani gamba lake la juu ni jembamba mno.

Na mwisho nipanguse kwa spiriti. Polishi ina mafuta, alisema, na mafuta hujaza mikwaruzo ikaonekana kama imetoka. Ukipangusa kwa spiriti mafuta huondoka, na kama mikwaruzo bado ipo, utaiona.

Nguzo ya kwanza niliifanya kama nilivyoagizwa. Ilichukua karibu saa nzima, lakini ilitoka nyeusi kama maji ya kisimani. Mwenzangu Makame, Mtumbatu mwenye ulimi mrefu, alikuwa anatawadha pale bombani. Akanitazama akasema, "Wewe, gari hilo unaling'arisha au unaliposa?"

Tukacheka. Lakini neno lake liliniingia. Nguzo tatu zilikuwa zimebaki, na muda wa sala ulikuwa unakaribia. Nikatoa sponji laini, nikafunga ile ngumu. Nikachukua dawa kali tuliyokuwa tukitumia kwenye bati la bodi, nikapandisha mwendo wa mashine, nikailalia kwa kifua. Nguzo mbili zilikwisha mara moja. Kwenye ya mwisho nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nilipoinua mashine palikuwa na baka jeupe, pana kama ukucha wa kidole gumba, limefifia mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

Na hapa, mwanangu, ndipo ningeweza kukaa chini nikamsubiri fundi. Badala yake nilichukua chupa ya mafuta tunayopaka dashibodi, nikazipaka nguzo zote. Zikang'aa. Baka likazama. Nikaenda msikitini, nikasimama safu ya pili, na katika hotuba yote ya siku ile halikunibakia neno hata moja.

Baada ya sala fundi alirudi na Mwalimu. Mwalimu akalizunguka gari lake, uso wake umekunjuka kama mtu aliyeletewa habari njema. Fundi akaniuliza kama nimepangusa kwa spiriti.

"Nshapangusa," nikasema.

Akanitazama. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Wallahi nshapangusa, fundi."

Basi akamgeukia Mwalimu akamwambia achukue gari lake. Kijana wangu kaniapia, alisema, na mimi nasimama kwa neno lake. Mwalimu akanishika mikono yote miwili, akaniombea Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono ile na kila kitakachopita ndani yake. Nami nikaitikia amina.

Jumamosi nzima nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Jumatatu Mwalimu akaja. Vijana wa harusi, kwa mapenzi yao, waliliosha gari kwa sabuni asubuhi ya Jumapili kabla ya kulipamba. Mafuta yakaondoka. Nguzo tatu zikatoa alama za duara, na baka likatokea palepale penye mlango aliopandia bibi harusi. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaliona, na unajua midomo ya harusini ilivyo. Wakaimba kwamba gari la biarusi lina choa, kama ngozi yenye mabaka. Binti yake aliinamisha kichwa njia nzima.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia fundi kwamba asingekuja kwa ajili ya gari, ila amekuja kwa sababu fundi alisimama kwa neno, na angependa kujua neno lile lilikuwa la nani.

Fundi akanigeukia. Nikasema yote, macho yangu chini. Akanikumbusha habari niliyosomeshwa chuo cha Kurani tangu mdogo, ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta ndani kuna maji, akamwambia mwenye mali kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau mpaka leo.

"Kuchoma ni sehemu ya kazi, hata mimi nimechoma. Lakini wewe umelichukua jina la Mwenyezi Mungu ukalifanya mafuta ya kufichia."

Nilimwomba Mwalimu msamaha huku nalia. Nikamwambia ile dua aliyoniombea naona haya kuibeba.

"Dua yangu siirudishi," akasema. "Ifanyie kazi."

Nilitubu. Sikuwa na uwezo wa kulisha maskini kumi, nikafunga siku tatu kuwa kafara ya kiapo kile. Nikazifanya upya nguzo mbili polepole, zikapona. Ile ya nne haikupona, kwa kuwa gamba lilikwisha kuliwa, na kwa miaka mingi nililiona gari lile likipita mjini na baka lake. Fundi hakunifukuza. Ila kwa mwaka mzima, kila kazi niliyomaliza, alichukua kitambaa na spiriti akaipangusa mwenyewe mbele yangu, bila ya kusema kitu. Hakuniomba kiapo tena, nami sikuthubutu kumpa.

Mwanangu, siku hizi magari yanakuja na plastiki hii nyeusi nje na ndani, na nyinyi mna mashine bora kuliko zetu. Anza na sponji laini na pahala padogo, na ikitosha usizidishe. Usiogope kumwambia mteja kwamba kazi itapita sala, au itapita siku. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajasimama kwa neno lako akaaibika. Na jina la Mola wako lisitoke mdomoni mwako kwa ajili ya kuuza mng'aro.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi mwepesi wa kukiri. Akuruzuku kazi ambayo wewe mwenyewe utapenda ipanguswe mbele ya watu. Na kila atakayekuombea dua kwa sababu ya kazi yako, akujaalie uwe unaistahiki unapoitikia amina.