Gari Linalokataa Likipata Moto

Naliaka, fundi wa magari hapa Mwihoko, hana subira na mafundi wanaopima gari likiwa baridi. Irshad alimletea gari lake jekundu la spoti, akalalamika kwamba asubuhi linawaka vizuri, lakini likishapata moto ukilizima haliwaki tena.

Naliaka akafunga boneti. "Wacha ligonjeke kwanza," akasema.

Akanibeba mimi, jirani yake wa kuuza chapati, tukashuka mpaka Ngoliba kwenye jua kali. Gari lilinguruma, upepo ukanivua kilemba, nikacheka hadi mbavu zikauma.

Huko akalizima. Likakataa kuwaka, na Naliaka akapiga makofi kwa furaha huku wenye mashamba wakitushangaa. Alilowesha leso yangu kwa maji ya kunywa, akaifunga kwenye koili, kile kidude kinachotoa cheche. Kilipopoa, gari likawaka mara moja.

Jioni alimwambia Irshad ni koili, na mpya ameshaiweka.

"Kwa hivyo niende nalo?"

"Bado. Lazima lijaribiwe likiwa moto." Akanigeukia. "Mama Chapati, kesho ufunge hicho kilemba vizuri."