Kovu la Wayo
Nilikuwa Kitale nikipaka rangi nyumba ya watu niliposikia kuwa machimbo ya mawe ya sabuni yameporomoka upande wa Tabaka, kwetu Kisii. Mdogo wangu alichimba pale, na jioni alichonga vinyago. Nilifika kesho yake asubuhi.

Shule ya msingi ya jirani ilikuwa imegeuzwa kituo cha familia. Mama alikaa nje ya hema la uwanjani pamoja na akina mama wengine. Hakuna aliyelia kwa sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ndani, Baba mdogo alikuwa ameshazungumza kwa niaba yetu. Dada mmoja mhudumu, mwenye jaketi la njano na fomu, alimwuliza alama za mwili wa mdogo wangu, naye akataja kovu la kisu cha kuchongea, kidole gumba cha kushoto. Mezani palikuwa na picha ya mkono tu, wa mmoja wa waliofukuliwa. Kovu lilionekana.

"Ni yeye. Tia sahihi, wewe ndiye kaka," akaniambia. "Nyumbani wameshaanza kuchimba kaburi."

Alinisukumia kalamu. Hapo nikauona mkono wake mwenyewe. Kidole gumba, kovu lile lile. Alichonga miaka thelathini.

"Baba mdogo, hata wewe unalo. Kila mchongaji hapa analo."

Tungemzika mtoto wa nani kwenye migomba yetu, na wetu angelala kwa nani?

Yule dada akaivuta fomu kwake. "Mate ya mama tutachukua kupima vinasaba, lakini majibu ya maabara huchelewa. Hakuna alama yake peke yake?"

Nilitoka nyumbani nilipomaliza kidato cha nne, na tangu hapo nimerudi kama mgeni. Mdogo wangu ninayemjua ni yule wa utotoni, anayenifuata peku. Siku moja nililitupa kaa la moto njiani kwa mchezo, akalikanyaga. Nilimlazimisha aseme ni bahati mbaya.

"Ana kovu la moto kwenye wayo," nikasema.

"Mguu gani?"

Sikukumbuka.

"Wewe wa kuzurura," Baba mdogo akanicheka bila furaha, "leo ndiyo unajua nyayo za watu?"

Nilitoka nje, nikachuchumaa mbele ya Mama, nikamweleza yote kwa Kikisii.

"Wa kushoto," akasema. "Nilimpaka dawa wiki tatu. Ulidhani hakuniambia ni wewe?"

"Mbona hukusema mapema, Mama?"

"Nani ameniuliza?"

Yule dada alimwingiza Mama hemani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaenda kule nyuma walikolazwa maiti. Nilikaa nikiomba asikute kitu. Aliporudi alipiga magoti.

"Mama, yule wa kwenye picha hana kovu wayoni."

Nilivuta pumzi. Kwa muda mfupi mdogo wangu alikuwa hai, yuko Kisii mjini, amezima simu.

"Lakini yuko mwingine analo. Mguu wa kushoto."

Baba mdogo alitazama chini. Mama alilifunga na kulifungua fundo la leso yake. Kisha akauliza:

"Na huyo wa picha, mama yake yuko hapa?"

Dada aliinua macho kuelekea mlangoni. Nami nikageuka. Wale akina mama wote walikuwa wamesimama, wanatutazama.