Gari Lilipotusahaulisha Njia

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, huku kwetu milimani Kilolo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope nachimba chini ya tairi, na ndani ya pikapu binti yangu Vumilia alikuwa anapumua kwa shida. Alikuwa na miaka sita. Kifua kilimbana tangu alfajiri, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mama yake alimpakata kiti cha mbele, akiniuliza kila mara, "Bado?" Nami nikamjibu, "Bado kidogo."

Nirudi nyuma kidogo unielewe. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee. Viazi vilinikubali misimu mitatu mfululizo, nikanunua pikapu ya mtumba, ya kwanza kitongojini kwetu. Mungu anisamehe, ile pikapu ilinipanda kichwani. Watoto niliwapeleka shule kwa gari, wakati wenzao wanatembea kwa makundi wanaimba. Debe moja la mahindi lilikwenda mashineni kwa gari. Hata kanisani tulikwenda kwa gari, na kanisa lenyewe liko karibu kiasi kwamba ukikaa uani kwetu unaisikia kwaya ikifanya mazoezi. Mke wangu akitaka kutembea na wenzake, nilimwambia, "Watu watasema nimeishiwa mafuta." Leo nacheka. Wakati ule nilisema bila kucheka.

Basi asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Pikapu ilitoka uani, ikafika kona ya kwanza, ikaserereka mtaroni. Nilitandika matawi chini ya tairi, nikachimba, nikawasha, nikachimba tena. Ikazidi kuzama. Linaloniumiza mpaka leo ni kwamba haikunijia akilini hata mara moja kumbeba mtoto mgongoni. Nina miguu miwili mizima, na bado niliona kwamba bila gari sina njia.

Ndipo akatokea shangazi yangu, dada yake baba, anaelekea shambani na jembe begani na buti za mvua miguuni. Alichungulia ndani ya gari, akaisikiliza ile pumzi, akanigeukia.

"Mtoto anapumua hivi, wewe unabembeleza tairi?"

"Shangazi, nikilitoa tu hapa, zahanati tunafika mara moja."

"Na usipolitoa?"

Alitupa jembe kando, akamwambia mke wangu, "Mama Vumilia, nipe huyo." Akambeba, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akashika njia ya bondeni, nasi wazazi tukaandamana naye.

Barabara ya gari inazunguka mlima mzima. Njia ya miguu inashuka moja kwa moja bondeni na kupanda upande wa pili, ilipo zahanati. Utoto wangu wote niliichezea njia ile. Lakini siku hiyo nilitangulia mbele ili nionekane mwanamume, nikapotea kwenye mianzi tunayogema pombe ya ulanzi. Shangazi hakunisubiri. Alikata kushoto, akasema bila kugeuka, "Nifuate mimi." Nikamfuata huku nahema kuliko yeye aliyebeba.

Chini kuna mto. Tulikuta kivuko kipya cha magogo, na jirani yetu Mzee Kikoti yupo pale anakaza kamba. Mwezi uliotangulia alikuja kwangu kuniita twende wote tukakijenge kivuko kile, nami nilimjibu mbele ya watu, "Mzee wangu, mimi huko sipiti." Siku hiyo alipomwona mtoto aliacha kamba yake, akaingia majini mpaka kiunoni ili amshike shangazi mkono avuke salama. Mimi aliniambia tu, "Kanyaga katikati, baba, pako imara." Hakutaja lolote. Afadhali angenisema.

Kule zahanati muuguzi alimpokea mtoto, akamchoma sindano, akamwambia shangazi, "Umefanya vizuri kumuwahisha, bibi." Tulikaa pale kutwa nzima. Alasiri Vumilia akafumbua macho, akaomba uji. Nililia mbele ya watu, sikuona aibu.

Shangazi aliniacha nimalize, ndipo akasema, "Gari sikukatazi, mwanangu. Likufae. Lakini umeliachia kazi zote, za miguu yako na za majirani zako. Siku likigoma, utabaki na nini?"

Pikapu ilikaa mtaroni siku nne, na maisha ya nyumbani hayakusimama. Watoto walikwenda shule na wenzao wakarudi na hadithi tele. Mke wangu alikwenda mashineni kwa miguu, akarudi amechelewa, amechangamka, ana mbegu za njegere alizopewa na mwenzake, na anajua nani anaumwa na nani kajifungua. Mimi nilikwenda kwa Mzee Kikoti kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa shoka. "Twende. Kuna gogo moja bado halijachongwa."

Gari lilipotoka mtaroni, tulikaa jikoni na mke wangu tukakubaliana lifanye kazi ya gari: mazao, mgonjwa barabara ikipitika, na safari ya mbali. Iringa mjini mara moja kwa wiki, na nafasi ikibaki ni ya mizigo ya majirani. Mashineni ni baiskeli. Shule na kanisa ni miguu. Na mboga tulipanda nyuma ya jiko, maana tulikuwa tunafuata mchicha kwa gari, hebu fikiria!

Shangazi amekwishapumzika. Vumilia ni mama sasa, anaishi Kihesa, kule Iringa mjini. Kila nikisali namshukuru Mungu kwa wote wawili, na kwa jirani aliyeninyamazia.

Mwanangu, ukijaliwa gari, lipokee kwa shukrani na ulitunze. Ila usilitume pale unapofika mwenyewe. Wafundishe watoto wako njia za kijiji kwa miguu yao, na wakiitwa watu kuzitengeneza, uwe wa kwanza kufika. Ukisafiri na nafasi ipo, mchukue asiye na usafiri.

Mungu akupe afya na magoti yenye nguvu. Akupe nyumba yenye amani, na majirani wanaolijua jina lako. Uende salama, urudi salama. Amina.