Lenzi Moja ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Subiri. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alijipatia mwenyewe kwenye harusi za watu, akiwa amechuchumaa juu ya begi la kamera, lenzi moja mkononi na nyingine kwapani. "Subirini kidogo, nabadilisha." Watu walisubiri, wakamtania, na kwa kuwa picha zake zilikuwa nzuri, wakamwita tena.

Mtu mmoja tu hakusubiri. Kwenye harusi ya mdogo wake wa kwanza, baba yao, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu mwaka mzima baada ya kupatwa na kiharusi, alishika ukingo wa meza, akajisukuma, akasimama. Alisimama wima bila kushikwa na mtu, akamtazama binti yake, halafu akakaa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Subiri alikuwa ameinamia begi: lenzi ya karibu ameshaitoa, ya mbali hajaifunga. Miezi minne baadaye baba akafariki. Mama hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa kitinda mimba alikuwa anaolewa Jumamosi. Subiri akaapa: lenzi moja tu, ifungwe asubuhi, isitoke mpaka mgeni wa mwisho aage. Swali lilikuwa lenzi ipi.

Jumanne alikwenda ukumbini na kibunda cha uzi. Alifunga ncha moja kwenye mguu wa meza ya maharusi, akarudi nyuma hadi mahali anapopigia picha ya familia nzima, akafunga fundo. Fundo la pili kwenye nguzo ya katikati, la tatu mlangoni. Mlinzi akamuuliza kama ukumbi unauzwa.

Jumatano akaingia na uzi wake duka la kamera. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na maneno matamu.

"Dada, umefika. Hii hapa ni lenzi ya milimita kumi na nane hadi mia tatu. Ukitaka ukuta mzima unaupata. Ukivuta, unahesabu kope za mtu."

"Sawa. Naomba ushike ncha ya uzi huu, uende ukakae kule ndani. Na uzime taa za huku mbele."

"Nizime taa? Wateja si watadhani tumefunga!"

"Ukumbini wanapunguza taa kabla ya keki. Mimi natafuta lenzi ya ukumbini, si ya dukani."

Akazima, akinung'unika. Fundo la tatu lilitokea nje, kwenye baraza, na wapita njia wakawa wanaliruka. Subiri akasimama hapo, akavuta lenzi hadi mwisho.

"Kaa. Sasa inuka ghafla!"

Muuzaji aliinuka na kukaa mara sita. Kisha wakaziangalia picha pamoja, na maneno matamu yakapungua. Lenzi ilifika mbali kweli, lakini kadiri ilivyovutwa ndivyo ilivyobana mwanga, na kamera ikalazimika kupiga polepole. Uso wa muuzaji ulikuwa umevurugika kama rangi iliyopanguswa.

"Huyu ni wewe au ni moshi?" Subiri akauliza. "Nipe ile ya ishirini na nne hadi mia moja na tano. Ile isiyopunguza mwanga ukivuta."

"Hiyo ni nzito, tena haifiki mbali. Utajuta."

"Inuka tena, kaka yangu."

Mara sita nyingine. Muuzaji akaanza kuhema. Kwenye fundo la kwanza, kabati zima lililokuwa nyuma yake lilienea kwenye picha pamoja naye. La pili, alijaa kuanzia kiunoni, macho yanaonekana vizuri, hata hasira yake. La tatu, alionekana mdogo.

"Si nilikwambia?"

"Basi mlangoni sitasimama," Subiri akasema. "Nifungie hiyo."

Siku mbili zilizobaki alifanya mazoezi jikoni, amefumba macho, akizungusha pete ya lenzi hadi mkono ukajua wenyewe karibu ni wapi na mbali ni wapi. Mumewe alijifunza kupika akiwa anapigwa picha.

Jumamosi, keki ilipokwisha kukatwa, taa zikiwa zimefifia, Subiri alikuwa kwenye nguzo ya katikati. Kule mbele, kando ya maharusi, mama akasukuma kiti chake nyuma. Hakuna aliyemwita kuzungumza. Akainuka, wala hakumtazama bibi harusi. Alipitisha macho meza kwa meza hadi akampata binti yake mkubwa pale nguzoni. Hapo akanyoosha mgongo, akatulia, akiwa amesimama wima, mikono pembeni.

Pete ikazunguka. Meza nzima ya familia, kisha mama peke yake, kisha kuanzia kiunoni hadi macho. Machozi yalimziba Subiri macho hata asione alichokuwa anapiga, lakini kidole hakikuacha.

Wageni walipokuwa wanatoka, mama alimfuata, akamshika kiwiko.

"Umenipata?"

"Nimekupata, mama. Kuanzia viatu mpaka macho."

"Basi imetosha kujilaumu, mwanangu. Sikusimama kwa ajili ya bibi harusi."