Siku Kogo Alipokagua Mji

Safari yote ilitugharimu shilingi tisa na senti themanini. Nina uhakika, kwa sababu pesa zilifungwa kwenye pindo la gauni langu. Baba aliamini wezi wa Eldoret hawapekui wasichana wa miaka kumi. Nilizihesabu tukipanda basi Cheptiret, nikazihesabu tena tukishuka, na njiani hazikuwa zimezaa. Lakini kinachonirudia kwanza ni harufu: moshi wa gari la moshi, ngano iliyolowa kwenye magunia, na iliki ikitoka mlango fulani ambao sikuwa nimeuona bado.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, Wazungu wakiuza mashamba na watu wetu wakichanga kwa makundi ili wayanunue. Baba alikuwa amelipa nusu ya hisa yake. Nusu nyingine ilikuwa zizini ikitafuna nyasi: mitamba watatu wa Kogo, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa Baba. Mwezi ukiisha bila pesa, hisa ingekwenda kwa mwingine, nasi tungefukuzwa kwenye kibanda chetu katika shamba la Mzungu aliyekuwa keshafunga mizigo. Kogo hakukataa. Alisema tu, "Hilo shamba liko karibu na mji. Mimi sinunui jirani bila kumwona."

Basi Baba akamtembeza kama dalali. Akamwonyesha stesheni, posta, daraja la mto Sosiani, na maduka ya Wahindi yenye baraza pana. Tukachungulia hata hoteli ya Wazungu, vitambaa vyake vyeupe mezani kama shuka za wagonjwa. Macho hayana pazia, na Kogo alitazama kila kitu bila haraka, lakini kila mahali aliuliza swali moja: "Wenyewe wanakujua?" Baba akijibu hapana, Kogo anaguna. Asiyekujua hakuthamini.

Saa saba tukaufikia ule mlango wa iliki, hoteli ya Msomali mmoja aliyeitwa Abdi. Tulikula pilau ya mbuzi. Kogo alilamba vidole, kisha akataka kumshukuru mke wa mwenye nyumba.

"Hapa tunalipa, Mama," Baba akanong'ona.

"Tunalipa chakula kilichopikwa? Na mwenye njaa asiye na kitu?" Akasimama, akajifunga shuka yake. "Turudi. Mitamba wangu hawawezi kununua ujirani na watu wa namna hii."

Abdi akatoka nyuma ya meza yake ya pesa kuuliza kama pilau ina kasoro. Baba akamtafsiria kwamba mama anasifu mchele.

"Mzee, mimi nimenunua ng'ombe huku miaka kumi," Abdi akasema. "Kikalenjin nasikia." Kisha akamgeukia Kogo kwa lugha yake mwenyewe. "Mama, hata kwetu msafiri hauziwi maziwa. Lakini mwenye jengo hili hakubali maziwa kwa kodi. Wewe ni rika la mama yangu, hulipi. Huyu kijana wako, atalipa."

Kijana mwenyewe alikuwa na watoto sita na mvi mbili. Akalipa. Kogo akaketi tena, akaanza: mama yako yuko wapi, ana ngamia wangapi, mvua imenyesha kwao? Walizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Mimi nilimalizia pilau aliyoibakiza Kogo, kwa kuwa ilikuwa ya bure.

Ndani ya basi, Kogo akamwambia Baba, "Mtamba mmoja umuuze kesho. Hao wawili ngoja siku ya soko, usinipunjie bei. Mjini sasa nina mtu."

Shamba tunalo hadi leo, ingawa nyumba za mji zimeufikia uzio. Watoto wangu wanaishi mtaa wa Pioneer, huko huko mjini, na kila Jumapili hunipeleka kula nje. Bili huja ndani ya jalada la ngozi; naisoma mara mbili, na kwa bahati mbaya huwa iko sawa. Juzi nilimuuliza kijana aliyetuhudumia kwao ni wapi.

"Munyaka, Mama."

"Na mama yako hajambo?"

Akamtazama meneja wake kwanza, ndipo akajibu kwamba mama yuko salama, na je, tungependa kitu kingine. Nilitaka kumwalika nyumbani aje anywe maziwa. Mwanangu akanikanyaga mguu chini ya meza: "Mama, utamtisha."

Ninyi mnaokula mjini kila siku, nishaurini: siku hizi anayetaka kuwa na mtu mjini huanzia wapi?